Aliyebaki Kwenye Paa

Tone la kwanza lilimdondokea Dorotea mkononi saa saba mchana, gari likiwa limezimwa na kuegeshwa uani kwao Butiama. Lilikuwa jeupe. Alilisugua kwa kidole gumba, likavutika. Kisha akalinusa, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu harufu ilimpanda puani ikashuka moja kwa moja tumboni, na uji wote wa asubuhi ukamtoka pale pale mlangoni pa gari.

Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha, yaliyochanganyika na mafuta ya nywele.

"Ni mimba hiyo," alisema mumewe, Burito, bila hata kuinua kichwa kwenye tairi alilokuwa akilijaza upepo. "Juzi ulisema hata sabuni inanuka."

"Sabuni haidondoki kutoka juu, bwana."

"AC zote zinatoaga maji. Ndiyo kazi yake."

"Imezimwa tangu jana."

Burito aliendelea kupiga pampu. Mwanamume akishasema ni mimba, huwa amemaliza uchunguzi. Hakuna daktari wala polisi atakayemtoa hapo. Dorotea alichukua kitambaa akafuta, akakitupa kitambaa chooni, akanawa mikono mara tatu kwa majivu, na bado usiku alilala amenyoosha mkono ule mbali na pua yake.

Angeweza kusema gari lile hataki kuliona tena, lakini gari lile lilinunuliwa kwa ajili yake. Dorotea alikuwa amezaa mara mbili na hana mtoto. Wa kwanza alimpoteza mwaka wa themanini na nne, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, magari yote ya chama cha ushirika yakiwa yamekaa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Alijifungulia sakafuni, mtoto hakulia. Wa pili, mwaka wa themanini na tisa, walipata kigari cha mtu chenye paa fupi. Dorotea akakunjwa nyuma, mkunga akakunjwa juu yake, joto lisilosemeka, na kabla ya kufika Musoma mtoto alikuwa amenyongwa na kitovu chake mwenyewe kwa sababu mkunga hakuwa na nafasi hata ya kuinua kiwiko. Daktari alimwambia waziwazi kwamba nyonga zake ni nyembamba, safari ijayo atapasuliwa, na asithubutu kuchelewa njiani.

Burito alisikia kila neno. Ushirika ulipompunguza kazi ya udereva, na magari ya mitumba yakawa yanaingia nchini kwa wingi, alinunua kipanya, basi dogo la abiria. Akaapa kwamba safari hii mke wake atakwenda hospitali amelala chali, mkunga amesimama wima, na upepo wa baridi unampuliza usoni.

Ndiyo maana alilipeleka gari Kabasa, pale Bunda, kwa fundi Bernado. Huyu alikuwa fundi wa bodi aliyekomaa katika miaka ya shida, mtu aliyewahi kutengeneza mlango wa lori kwa bati la pipa na kioo cha kabati la vyombo. Hakupenda kusema hapana. Alisema amepata paa refu la faiba pamoja na kiyoyozi cha nyuma, vyote kutoka gari moja lililopinduka njia ya Majita. Alilikata paa fupi kwa msumeno wa chuma, akalibandika lile refu, akapiga ribiti, zile pini za kubana bati, kuzunguka ukingo wote, akaziba kwa gundi. Mashine ya kiyoyozi aliifunga juu kwa nyuma, akapitisha mipira ya gesi chini ya sakafu hadi kwenye injini. Kazi ilikuwa safi. Dorotea, mimba ya miezi mitano tumboni, aliingia ndani akasimama wima, akanyoosha mikono juu ya kichwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa mimba ilikuwa na miezi saba, na paa lilikuwa linadondoka.

Wiki ile ile abiria walianza kushuka kabla ya kufika. Burito alikuwa akipakia Musoma kuja Butiama, na siku moja alipakia akina mama wa samaki, watu ambao pua zao zilishastaafu zamani. Walipofika nusu ya njia mmoja wao aligonga bati kwa ngumi.

"Simamisha, baba! Mimi nabebaga sangara wa siku tatu na sijawahi kutapika. Lakini hii hapana. Humo juu mmeweka nini?"

Alishuka na ndoo yake, wenzake wakamfuata, wakaamua kutembea na samaki kichwani juani. Burito alirudi nyumbani amenuna. Hakusema tena habari za mimba.

Kesho yake Dorotea aliamua kulisafisha. Alijifunga khanga puani, akachukua bisibisi, akafungua wavu wa plastiki ambamo upepo wa kiyoyozi hutokea. Kwanza walianguka wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kwa mawingu Musoma na kukuingia mpaka kwenye chai, wakavu, kiganja kizima. Hilo hakulishangaa. Nyuma yao kilining'inia kitu cheusi. Alikivuta kwa ncha ya bisibisi, kikaja, kikaendelea kuja. Ulikuwa msuko wa nywele za mwanamke, mrefu kama mkono wake, umelowa mafuta na ule weupe, na ndani ya msuko funza walikuwa wakipanda na kushuka kwa utulivu wa wenyeji.

Alijizuia asipige kelele. Aliutupa nje, akameza mate, jambo ambalo nalo alilijutia, kisha akainua mkono kuushika mto wa kitambaa uliofunika paa kwa ndani, maana uliloa na alitaka kujua maji yanaanzia wapi. Kitambaa kilikuwa cha moto. Kilikuwa kimevimba kidogo kuelekea chini, laini, kimejaa, na alipokibonyeza kikabonyea, kikarudi, halafu, chini ya kiganja chake kilichotandazwa, kitu kikapiga teke.

Mtoto wake mwenyewe akapiga teke wakati ule ule.

Na kutoka kwenye tundu la kiyoyozi, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Burito ambaye alikuwa ameketi kibarazani akila kiporo, ukatoka upepo wa baridi wenye ule uvundo, na ndani ya upepo sauti ya mwanamke, ya chini, ya kuchoka, isiyo na ubaya wowote, kama mtu anayeuliza jirani yake:

"Tumefika. Mbona hamnitoi?"

Burito alisikia yowe la mkewe na bakuli likamtoka mkononi. Alimkuta Dorotea amekaa chini nje ya gari, miguu imenyooka, anajifuta kiganja kwenye nyasi, anajifuta, anajifuta. Alipochungulia ndani kuona kuna nini, sauti ilirudia maneno yale yale. Burito aliufunga mlango taratibu, kwa adabu, kama anavyofunga mlango wa kanisa.

"Umesikia?" Dorotea alinong'ona.

"Nimesikia. Usiongee kwa sauti."

"Bado ni mimba?"

"Nisamehe, mke wangu."

Walikwenda Kabasa siku hiyo hiyo, kwa lori la mtu. Bernado alipoulizwa paa lilitoka kwenye gari la kazi gani, alianza kuokota ribiti zilizoanguka chini, moja moja, ili asiwatazame.

"Lilikuwa limebeba maiti," alisema mwishowe. "Mwanamke mmoja, Marieta. Alifia hospitali wakawa wanampeleka kwake Bugwema. Likapinduka."

"Na ukalifunga kwenye gari la mwenye mimba!"

"Shemeji, nililisafisha! Nilifanya na yale mambo yetu. Mnajua kwetu maiti akisafirishwa, lazima mtu akae pembeni yake anaongea naye. Tumevuka mto, tumekata kona, tumefika kwenu, shuka. Sasa huyo aliyekuwa anaongea aliumia kwenye ajali, akakimbizwa hospitali. Maiti wakamtupia kwenye trekta ya pamba, wakaenda kumzika kimya kimya. Hakuna aliyemwambia kitu. Mimi nilivyolileta hapa gereji nikaogopa, nikaona nimalize mwenyewe. Nikamwagia maji, nikamwambia, mama, tumefika."

Dorotea alimtazama. "Ulimwambia amefika Kabasa?"

"Nilitaka aondoke."

"Umemwambia amefika, halafu ukamfungia ndani kwa ribiti."

Bernado aliziweka ribiti chini. Alikwenda mwenyewe kumwita mzee Kwangu, mganga aliyejulikana Bunda nzima ingawa mchana alikuwa mlinzi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Kesho yake Burito alilileta gari Kabasa, madirisha yote wazi na kichwa nje. Kwangu aliingia humo akiwa na mkia wa ng'ombe na sare yake ya ulinzi. Hakukaa hata dakika mbili. Alitoka amejiziba kwa mkono wa shati, akaenda nyuma ya rundo la milango mibovu, akatapika kwa muda mrefu na bila aibu.

"Mimi nafukuzaga majini," alisema aliporudi, macho yakimtoka machozi. "Jini ni mvamizi, unamfukuza. Huyu mmemkaribisha wenyewe. Simfukuzi mgeni aliyekaribishwa. Apelekwe kwake, na aliyemdanganya ndiye aongee naye njia nzima. Asinyamaze hata kidogo. Akinyamaza, huyo mama atajua ni uongo mwingine."

Burito hakutaka mkewe aende. Dorotea hakuambilika. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane na alikuwa ameshahesabu barabara zote kichwani. "Gari likiwa Bugwema na uchungu ukanishika Butiama, nitabebwa na nini? Toroli? Mimi nitakuwa ndani ya hili gari, linuke lisinuke, mpaka mtoto wangu atoke."

Wakaondoka asubuhi ya Jumamosi. Burito usukani, Dorotea pembeni yake na limau puani, Kwangu mlangoni, na Bernado nyuma peke yake, amepiga magoti chini ya tundu la kiyoyozi, kama vile jeneza lilivyokaa chini yake kwenye gari lile jingine.

"Mama Marieta," alianza, "tunatoka Kabasa. Hapa sio kwenu, nilikudanganya, nisamehe. Sasa tunashika lami. Kulia kuna duka, kushoto mtu anachunga ng'ombe."

Walipoacha lami na kuingia njia ya vumbi, paa lilianza kudondoka kwa kasi. Matone yalimwangukia Bernado kichwani, yakateremka kwenye nyusi, yakamfika mdomoni, naye hakuweza kuufunga mdomo kwa sababu alikatazwa kunyamaza, akawa anasema tumepita shule, mama, huku yanaingia, tumepita mashine ya kusaga, huku anameza, kisha akatapika huku anaongea, maneno na matapishi yakitoka pamoja, tunateremka sasa kwenye mto, mama, ni Suguti huu, maji ni machache, tunavuka, tunavuka, na juu yake kitambaa cha paa kikazidi kuvimba na kushuka mpaka kikamgusa utosini na kutulia pale, kizito, cha moto, kikihema, na Dorotea aliyekuwa ameapa hatageuka aligeuka, akaona, na limau lililokuwa puani likawa halina kazi tena.

Bugwema walipokelewa na shemeji wa marehemu, mtu aitwaye Magesa, ambaye hakuwauliza mengi. Aliwaonyesha kaburi kando ya shamba la mihogo, akasimama mbali, mikono nyuma, anatazama chini. Alionekana anataka mambo yaishe. Kwangu alifungua mlango wa nyuma wa gari ukaelekea kaburini.

Bernado alijifuta kinywa. "Mama Marieta," alisema, "kule nilikudanganya. Hapa ndiyo kwenu. Mihogo yako hii, nyumba yako ile. Tumefika, mama. Shuka."

Gari liliinama kwa nyuma, springi zikalia, kisha likainuka ghafla kama lililoshusha gunia. Majani ya mihogo yalilala yakafuatana mstari mmoja mpaka kaburini. Kitambaa cha paa kikanywea, kikakaa bapa. Harufu ilikatika. Walisikia tena udongo, moshi wa kuni, na jasho lao wenyewe, na Bernado akalia kwa kwikwi hapo kwenye majani.

Dorotea hakupata muda wa kufurahi. Kitu cha uvuguvugu kilimteremka mapajani, na maumivu yakamkamata mgongoni.

Alilazwa chali sakafuni, kama Burito alivyoapa. Burito aliendesha kwenda Musoma kama anayekimbizwa, Kwangu akiwa amesimama wima kando ya Dorotea, anampepea kwa kofia ya ulinzi na kumwambia avumilie, mama, avumilie. Dorotea hakusikia. Alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni na anasubiri teke. Tangu Bugwema mtoto alikuwa hajacheza. Alibonyeza kulia, akabonyeza kushoto. Kimya. Aliujua ukimya ule, alishaubeba mara mbili, na hakumwambia mtu kwa sababu akisema itakuwa kweli.

Hapo ndipo alipoliona tone. Lilikuwa limejikusanya kwenye ukingo wa tundu la kiyoyozi, moja tu, jeupe, limening'inia. Gari liliruka shimo. Tone likaachia, likamwangukia kitovuni, la moto, na kabla hajalifuta likawa halipo.

Mtoto akapiga teke.

Alipasuliwa jioni ile, akatolewa mvulana wa kilo tatu, analia kwa nguvu. Walimwita Clementi. Burito aliweka paji la uso ukutani pale hospitali na kulia kwa sauti. Gari lilibaki kavu, abiria wakarudi, na wale akina mama wa samaki wakawa wanagombea viti vya nyuma kwenye ubaridi. Bernado alikuja na jogoo. Kila mtu aliyeingia nyumba ile alisema Mungu ni mkubwa, na Dorotea aliitikia amina.

Mambo mawili hakumwambia yeyote. La kwanza, mtoto hakuwahi kumtazama. Alinyonya macho yakiwa juu, kwenye bati, na akilazwa pia alitazama bati, kwa subira, kama anayesubiri zamu yake kuitwa. La pili lilikuwa utosi. Alimwogesha kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kwa sabuni ya harufu, na bado akiinama kumbusu, pale katikati panapopigapiga, alikutana na maziwa yaliyochacha na mafuta ya nywele. Alikuwa akigeuza uso haraka, kisha anajiona mama mbaya, kisha anatoka nje kutema mate.

Wiki ya sita alikuja mwanamke mzee kutoka Bugwema, amebeba kuku na khanga mpya. Taya lake lilikuwa limepinda upande, na maneno yalitoka yamechoka. Alijitambulisha kuwa ni Ghati, wifi yake marehemu. Ndiye aliyekuwa akiongea na maiti siku ile gari lilipopinduka.

"Nilikuwa hospitali mpaka juzi," alisema. "Nimeambiwa mlimfikisha mtu wetu. Nimekuja kushukuru, mwanangu."

Dorotea alimkaribisha kiti, akampa maji. Ghati alikunywa kwa upande mzima wa mdomo. Kisha akamwona mtoto mkekani, akaona macho yanatazama wapi, na akaweka kikombe chini polepole.

"Na yule mdogo mlimwambia?"

"Mdogo gani, mama?"

"Hamkuambiwa." Ghati alishusha sauti. "Marieta alikufa na mimba ya miezi nane. Kwetu tunawatenganisha, mama pake na mtoto pake, na kila mmoja anaambiwa. Wanaume waliogopa kumfungua, wakazika wakaficha. Mimi njia nzima nilikuwaga naongea na wawili. Nyinyi mlimwita mama peke yake, akashuka peke yake."

Kuku alikuwa akijigaragaza mlangoni, miguu imefungwa. Dorotea aliweka kiganja juu ya kifua cha mtoto.

"Nikimpeleka Bugwema?"

"Utamwambia amefika, atashuka. Anasubiri hilo neno tu, maskini." Ghati alimtazama mtoto, akatazama pembeni. "Ila akishashuka, sijui humo ndani atabaki nani. Wako alikuwa anacheza? Siku ile, njiani?"

Dorotea alimfunika mtoto. Alisimama, akamsindikiza mgeni wake mpaka barabarani, akamshukuru kwa khanga, akarudi ndani akafunga mlango, na akakaa mkekani karibu na mtoto. Aliyaona yote kwa pamoja, msuko, funza, kinywa cha Bernado, lile tone. Mate yalimjaa mdomoni. Aliyameza.

Alimwinua, akampa ziwa. Mtoto alinyonya huku anatazama bati. Dorotea aliinama mpaka midomo yake ikagusa utosi ule.

"Tumefika, mwanangu," alinong'ona. "Hapa ndiyo kwenu."

Clementi aliacha kunyonya. Macho yakashuka kutoka kwenye bati, taratibu, mpaka yakamkuta, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamtazama mama yake usoni, akatabasamu, maziwa yakimtiririka kidevuni, meupe, yanavutika. Uvundo ukajaa chumba kizima. Dorotea alimfuta kwa khanga mpya, wala hakuziba pua.